Bakshishi Kilimanjaro: nani anapewa, kiasi gani, na namna ya kuhakikisha inamfikia mgumu (mbeba mizigo) wa mwisho

Mlima na Ukungu (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Msimu wa Desemba unakaribia na simu zimeanza. Watu wa Dar, Dodoma na Nairobi wanataka kupanda Kilimanjaro na wenzao wa ofisini, wa chuo, wa kanisani. Wanauliza njia ipi ina unafuu, koti la kukodi ni shilingi ngapi, dawa za kichwa wanywe au wasinywe. La bakshishi huja mwisho kabisa, na mara nyingi limeshachelewa. Watu wameshafika geti la Mweka, miguu imeisha, kila mmoja anataka kuoga, ndipo wanaanza kuulizana nani ana hela taslimu huku wagumu kumi na wawili wamesimama wanasubiri. Naandika ili mjipange mkiwa bado nyumbani.

Mlimani nilianza kwa kubeba mizigo, nikaingia jikoni, sasa naongoza wageni. Bakshishi nimeipokea nikiwa wa mwisho kwenye mstari na nimekuwa pia yule anayekabidhiwa bahasha. Pande zote mbili nazijua.

Tuanze na timu yenyewe, maana wageni wengi hawajui wanahudumiwa na watu wangapi. Chukua wageni 4, njia ya Machame, siku 7. Hapo kuna kiongozi mkuu 1, wasaidizi wake 2, mpishi 1 na wagumu kama 12. Jumla watu 16 kwa wageni 4. Mgeni anamfahamu kiongozi kwa jina, anamfahamu na weita kwa sababu ndiye anayemletea chai hemani asubuhi. Wengine anawaona wakimpita njiani na mzigo kichwani, basi.

Niwape mfano mmoja wa kazi isiyoonekana. Kambi ya Barafu, ambako watu hulala saa chache kabla ya kwenda kileleni, haina maji. Chanzo cha mwisho cha maji ni bonde la Karanga, karibu mita 4,000. Barafu iko zaidi ya mita 4,600. Kila tone la supu utakayokunywa Barafu, chai ya saa tano usiku, chupa utakazoondoka nazo kwenda Uhuru, vyote vimetoka Karanga kichwani mwa mtu. Na mtu huyo siku hiyo hiyo alishabeba hema lako au mtungi wa gesi. Kikomo cha mzigo kinachosimamiwa na KINAPA, hifadhi ya Kilimanjaro, ni kilo 20, mizani ipo getini, ila mwili ukiwa juu ya mita 4,000 kilo 20 ni habari nyingine.

Sasa mishahara. Viwango vinavyotajwa miaka mingi ni dola 10 kwa siku kwa mgumu, 15 kwa mpishi, 20 kwa kiongozi. Kwa shilingi, kiwango cha chini cha mgumu kilichopigiwa debe muda mrefu ni Sh 20,000 kwa siku. Kampuni nzuri zinalipa hiyo au zaidi. Zipo zinazolipa chini yake, na zipo zinazolipa wiki kadhaa baada ya safari kwisha. Na mgumu hapati safari kila wiki. Masika, Aprili na Mei, anaweza kukaa mwezi mzima anadamka alfajiri kwenda getini na kurudi nyumbani bila kazi. Ada ya shule ya mtoto haingoji msimu wa watalii. Ndiyo maana bakshishi kwa watu hawa ni sehemu ya kipato wanachokitegemea, na mgeni asipotoa pengo linaonekana jikoni kwao.

Viwango vya bakshishi kwa wageni wa nje ni hivi, kwa siku, na vinatolewa na kundi zima kwa pamoja: kiongozi mkuu dola 20 hadi 25, msaidizi 15 hadi 20, mpishi 12 hadi 15, mgumu 8 hadi 10. Rudi kwenye kundi letu la watu 4. Kwa viwango vya chini: kiongozi 20, wasaidizi wawili 30, mpishi 12, wagumu kumi na wawili 96. Jumla dola 158 kwa siku. Zidisha siku 7 unapata 1,106. Gawa kwa wanne, kila mgeni anatoa kama dola 277. Mkiwa wawili tu kila mtu atatoa zaidi, kwa sababu kiongozi ni yule yule na mpishi ni yule yule. Wengi hawalijui hilo mpaka wanapopiga hesabu.

Sisi wenyeji je? Hapa nitasema wazi. Mgeni wa nje analipa hifadhi dola 70 kwa siku kabla hata ya kambi na uokoaji. Raia wa Afrika Mashariki analipa shilingi, tena sehemu ndogo sana ya hiyo. Serikali imetupa nafuu hiyo ili tuujue mlima wetu, jambo jema. Lakini mgumu hana bei ya mwenyeji. Mzigo wako una uzito ule ule, na usiku wa Barafu ni baridi ile ile. Sidai mfanyakazi wa Dodoma atoe dola 277. Nasema atenge kitu. Kwa makundi ya Watanzania na Wakenya napendekeza mgumu asipungue Sh 10,000 kwa siku, msaidizi 20,000, mpishi 20,000, kiongozi mkuu 30,000. Ni kama nusu ya anachotoa mgeni wa nje, na hakuna atakayenung'unika.

Sasa lililonifanya niandike: hela ipite wapi. Kiasi kinajadilika. Lakini laki tano iliyotolewa ovyo inaweza kumfikia mgumu ikiwa elfu kumi.

Fanyeni hivi. Siku ya kwanza getini ombeni orodha ya timu, majina na kazi ya kila mtu, na ombeni watu wasimame wajitambulishe. Kampuni isiyoficha kitu itafurahi. Pigeni picha ile karatasi. Usiku wa mwisho kambini, wageni wakae peke yao wapige hesabu. Kesho yake, kabla watu hawajatawanyika, mmoja wenu asome kwa sauti mbele ya timu nzima: wagumu kila mmoja shilingi kadhaa, mpishi kadhaa, wasaidizi kadhaa, kiongozi kadhaa. Kwa Kiswahili, kila mtu asikie. Halafu mkabidhi mkononi, mtu kwa mtu. Sisi wenyeji tuna nafasi ambayo Mzungu hana: lugha ni yetu, hatuhitaji mtu wa kututafsiria nani amepewa nini.

Msimpe kiongozi bahasha moja ya wote mkaondoka. Nasema hivyo nikiwa kiongozi. Ukiwa mwaminifu, kugawa hadharani kunakulinda na maneno.

Na msikubali kuambiwa "bakshishi mtatoa hotelini Moshi". Hotelini anafika kiongozi na dereva. Wagumu wengi wameshashukia njiani wamekwenda kwao. Hela ya anayekosekana pale inahesabiwa na mwingine.

Maswali yaleteni, nipo.

---

Kijana wa Pasua

Mkuu umeandika kama ulikuwa kwenye mstari wetu mwaka jana. Mimi bado nabeba.

Niongeze la wagumu hewa. Kwenye karatasi ya wageni mnaandikwa 14, mlimani mko 10. Mizigo ya wale wanne mnagawana nyinyi, mkishapita mizani. Siku ya mwisho wageni wanatoa bakshishi ya watu 14. Ya wale wanne hamjui imeenda wapi. Safari moja ya siku 6 nilipewa Sh 15,000 kwenye kiganja, nikaambiwa wageni walikuwa wachoyo. Baadaye nilikutana na mgeni mmoja mjini, akaniuliza kama nimenunua viatu kwa ile hela. Akataja kiasi alichoambiwa kila mgumu amepata. Nilinyamaza tu, sikuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo ile picha ya karatasi siku ya kwanza ni muhimu, lakini wahesabuni watu pia kwa macho. Hesabuni kambini jioni ya siku ya pili, baada ya kula, watu wakiwa wametulia. Hiyo ndiyo idadi ya kweli.

---

Mama Hesabu

Mleta uzi asante kwa elimu. Mimi naratibu wenzangu 8 wa ofisini, tunapanda Marangu wiki ya Uhuru, Desemba 9. Naomba niulize swali ambalo wenzangu wataniuliza, nisije nikakosa jibu.

Sisi tumelipa kampuni. Kwenye bei tumeambiwa ndani yake kuna viongozi, mpishi, wagumu, chakula, kila kitu. Kwa nini mshahara wa mfanyakazi wa kampuni uwe mzigo wa mteja? Nikienda benki simpi karani bakshishi. Sibishani, naomba hoja.

---

Mlima na Ukungu

Dada, swali lako ni la haki na ningependa kila mtu aliulize, kwa sababu linaanzia mahali panapotakiwa: kwenye mshahara.

Kampuni inapaswa kulipa mshahara kamili, na bakshishi isiwe kisingizio cha kulipa nusu. Kabla ya kulipa kampuni yoyote waulize: mgumu mnamlipa kiasi gani kwa siku, mnamlipa lini baada ya safari, anakula mara ngapi kwa siku, analala wapi. Wakijibu kwa kuzungukazunguka, tafuta wengine. Pale Moshi kuna KPAP, mradi ulioanza 2003 wa kusaidia wagumu. Wanaazimisha nguo za mlimani bure kwa wasio nazo, na wana utaratibu wa kampuni washirika ambao safari zao hufuatiliwa kwa kuwauliza wagumu wenyewe walilipwaje na walitendewaje. Angalia kama kampuni yako imo.

Tofauti na karani wa benki ni kwamba karani ana mkataba wa mwezi, ana likizo, akiugua analipwa. Mgumu anaajiriwa kwa safari. Safari ikiisha, ajira imeisha hapo getini. Na bei ambayo wengi tunaipigania iteremke, nikiwemo mimi nikiwa mteja mahali pengine, ikishateremka sana kampuni inakata kwa mtu ambaye hana pa kulalamikia. Wenzako wakikuuliza, waambie wachague moja kati ya mawili: kampuni ya bei ya juu kidogo inayolipa vizuri, au ya bei ya chini na bakshishi nono. Kukataa vyote viwili ni kumfanya kijana wa watu abebe begi lako kwa hasara.

---

Baharia wa Likoni

Salaam kutoka Mombasa. Nimesoma yote nikaona nichangie kwa sababu nimefanya kazi kwenye meli za kitalii, upande wa vyumba, na huko bakshishi ina utaratibu wake.

Kwenye kampuni kubwa za Marekani mgeni hatoi bahasha. Inakatwa yenyewe kila siku kwenye akaunti ya chumba, kati ya dola 16 na 20 kwa kila mgeni kwa siku katika nyingi ya hizo kampuni, mtoto na mkubwa sawa. Vinywaji huongezwa asilimia 18 mpaka 20 papo hapo kwenye bili. Zile za kila siku zinaingia kwenye chungu kimoja, kinagawiwa wa vyumbani, wa mezani, na kampuni nyingine hata walioko chini wasioonekana, kama wa dobi. Faida yake ni kwamba yule wa chini kabisa hasahauliki.

Ubaya wake nao upo. Baadhi ya kampuni humruhusu mgeni kwenda dawatini siku ya mwisho akaomba iondolewe yote, bila hata kusema sababu. Mkataba wa kule ni miezi 6 mpaka 9 mfululizo, kazi siku zote saba, na mgeni aliyekuita jina lako wiki nzima, akikuonyesha picha za wajukuu, anashuka bandarini amekuondolea. Nilikuwa naona wenzangu Wafilipino na Waindonesia wakikaa kimya usiku ule, kila mtu anajua hesabu ya nyumbani imeharibika. Tafadhalini, mtu yeyote hapa atakayesafiri kwa meli hizo, usiondoe. Kama huduma ilikuwa mbaya semeni mapema, siku ya pili, itengenezwe. Na ukipenda kumpa wa chumba chako kitu cha ziada, mpe mkononi usiku wa mwisho kabla hujatoa mabegi nje, maana asubuhi yeye anakimbizana na vyumba na humpati tena.

Kaka wa mlimani, hilo la kusoma kiasi hadharani ningelipenda sana lifike na kwetu. Sisi tulikuwa tunaona namba tu kwenye karatasi ya malipo, hujui imetokana na nini.

---

Mchaga wa Leeds

Niko Uingereza, jikoni na mezani nimepita kote. Huku walilalamikia jambo hilo hilo miaka mingi: mteja analipia bakshishi kwa kadi, mwenye mgahawa anabaki nayo au anakata "gharama za uendeshaji". Ikatungwa sheria ya mgawanyo wa bakshishi ya 2023, ikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024. Mwajiri analazimika kupitisha bakshishi yote kwa wafanyakazi bila kukata chochote isipokuwa kodi, kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata, na awe na utaratibu ulioandikwa wa namna inavyogawiwa. Mfanyakazi ana haki ya kuomba kuona kumbukumbu.

Marekani ni habari tofauti kabisa. Sheria ya shirikisho inaruhusu mhudumu wa mezani alipwe na mwajiri dola 2.13 kwa saa, na kiwango hicho hakijapanda tangu 1991. Bakshishi ndiyo inatakiwa imfikishe kwenye kima cha chini cha dola 7.25. Majimbo kama California na Washington wamekataa mpango huo, mhudumu analipwa kima kamili cha jimbo kwanza. Lakini kwa mfano ukiwa Texas ukala ukaondoka bila kuacha asilimia 15 mpaka 20, umemkata yule dada chakula chake. Ndugu zangu wanaokwenda kutembelea watoto Houston na Dallas wajue hilo kabla hawajakaa mezani. Wazee wetu wengi wanadhani mhudumu anayewatazama kwa unyonge amewadharau.

Nyumbani hatuna sheria ya namna hiyo kwa wagumu. Tungepata hata kanuni moja ya hifadhi, kwamba bakshishi isomwe hadharani getini na isainiwe, ingesaidia sana.

---

Mlima na Ukungu

Mangi wa Leeds, hilo la kusaini getini nimelichukua. Kampuni kadhaa zinazojiheshimu zina fomu hiyo tayari: jina, kazi, kiasi, sahihi, na nakala inabaki kwa mgeni. Haigharimu kitu. Ningetamani KINAPA waifanye ya lazima kama walivyofanya mizani. Mizani nayo ilipoanza watu walisema haiwezekani, itachelewesha wageni. Leo hakuna anayeshangaa kuona mzigo unapimwa.

---

Binti Karatu

Nafanya kazi loji, upande wa Ngorongoro. Niongezee ya kwetu kwa ufupi maana watu hupanda mlima kisha wakaunganisha safari ya mbuga.

Dereva muongozaji: wageni wa nje hutoa kama dola 20 na kuendelea kwa siku, kwa gari zima, si kwa kila mtu. Mpeni siku ya mwisho, mkononi.

Lojini kuna sanduku la bakshishi pale mapokezi. Msilidharau. Linafunguliwa mwisho wa mwezi na kugawiwa wote: wa jikoni, wa bustani, wa dobi, walinzi, hata fundi wa jenereta. Ukimpa weita peke yake umefanya vizuri kwake, ila aliyepika chakula unachokisifia hujamgusa. Mimi nashauri kubwa iende kwenye sanduku, ndogo kwa mtu aliyekuhudumia kwa karibu.

Kwa migahawa ya kawaida mjini, Arusha, Moshi, Dar, hakuna anayekudai. Chakula cha elfu ishirini ukiacha elfu moja au mbili watu wanashukuru kwa moyo. Angalia bili kwanza kama tozo ya huduma imeshaongezwa. Na kama umelipa kwa simu au kadi, bakshishi toa taslimu, usiiunganishe kwenye bili. Sehemu nyingi ikishaingia kwenye mashine haitoki.

---

Mwenda Machame

Swali mbili mkuu. Moja, dola au shilingi? Mbili, nina viatu, soksi na koti navyotaka kuwaachia badala ya hela. Inafaa?

---

Mlima na Ukungu

Shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zimekataza kutoza na kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo shilingi inakuweka mahali salama. Lakini hata kabla ya hapo mgumu alikuwa anateseka na dola. Noti ya dola moja au tano maduka ya kubadilishia fedha yanaipokea kwa bei ya chini kuliko ya mia. Noti ya kabla ya 2006 hawaipokei kabisa, na iliyochanika kidogo ni hivyo hivyo. Mtu amepewa dola 50 za noti mojamoja, ana furaha getini, akifika mjini anapoteza sehemu yake. Ndugu wa nje ya nchi wanaokuja likizo, badilisheni kwanza Moshi au Arusha, chukueni noti za elfu kumi na elfu tano, nyingi.

Kutuma kwa simu nako kunakubalika siku hizi. Ina uzuri wake: jina linatokea kabla hujathibitisha na ujumbe unabaki kama ushahidi. Ongeza ya kutolea. Ila msitegemee hiyo peke yake. Wapo wagumu ambao simu zimezima baada ya siku sita mlimani, wapo wasio na laini yenye jina lao.

Vitu: toa, vinasaidia sana. Buti nzuri ya mlimani kwa kijana anayeanza ni mwaka mzima wa kazi bila vidonda. Lakini iwe juu ya bakshishi, isiwe badala yake. Mwenye nyumba hapokei soksi. Na usimpe mmoja kwa siri mbele ya wenzake. Andikeni namba kwenye vikaratasi, watu wachague kura. Anayeshinda kitu kisichomtosha atabadilishana na mwenzake, hilo waachieni wenyewe.

---

Mama Hesabu

Nimerudi na hesabu, naomba ikaguliwe.

Tuko 8, Marangu siku 6 pamoja na siku ya kupumzika Horombo. Nimewapigia kampuni leo. Wamenipa idadi: kiongozi mkuu 1, wasaidizi 3, mpishi 1, wagumu 17. Nimeuliza na mshahara wa mgumu, wamenijibu bila kusita, na wamesema wanalipa siku tatu baada ya kushuka.

Kwa viwango vyako: 30,000 ya kiongozi, 60,000 ya wasaidizi, 20,000 ya mpishi, 170,000 ya wagumu. Jumla 280,000 kwa siku. Mara 6 ni 1,680,000. Kwa kila mmoja wetu ni 210,000.

Nimewaambia wenzangu tuweke 70,000 kila mwezi, Septemba, Oktoba na Novemba, kwenye akaunti ya kikundi. Wawili walilalamika. Nikawasomea ile ya maji ya Barafu na ile ya Kijana wa Pasua. Wamekubali wote.

Kuna nilichosahau?

---

Mlima na Ukungu

Hesabu imekaa sawa, dada. Vitu vichache tu.

Kati ya wale 17 mmoja atakuwa weita wenu. Anabeba mzigo kama wenzake, kisha akifika anaanza kazi ya pili ya mezani. Muongezeeni, tuseme 5,000 kwa siku, hiyo ni 30,000 kwa safari nzima. Na usiku wa kwenda kileleni kuna mgumu mmoja au wawili wanaoweza kupandishwa kusaidia wasaidizi. Waliopanda wapeni kitu juu ya cha wenzao, hata 20,000 kila mmoja. Kila mmoja wenu akiongeza 10,000 inatosha vyote.

La pili, mwenzenu akiugua akateremshwa kutoka Horombo au Kibo, ataondoka na msaidizi mmoja na pengine wagumu. Hao wana bakshishi yao ya siku zote walizofanya kazi. Wasipokuwepo getini siku ya mwisho, soma majina yao pia, na hela zao zitumwe kwa simu mbele ya wenzao.

La tatu, hela zitoeni Moshi mjini siku moja kabla ya kupanda, noti ndogo, mzifunge kwenye bahasha zenye majina kwa kutumia ile orodha. Bahasha 22. Zikae kwenye begi lako dogo, begi kubwa linabebwa na mgumu. Na kalamu ubebe mbili, maana wino huweza kuganda kwenye baridi ya Kibo.

---

Kijana wa Pasua

Dada, hizo siku tatu za malipo ni kampuni nzuri. Kama ndiyo ninayoifikiria nitaomba kazi kwenye safari yenu.